Rubani, Dada Yake na Nguruwe

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nini?

Maji!

Mengi kiasi gani?

Kunywa wewe, utuambie!

Haya, leo mmeanza mapema. Sogeeni basi. Mwenye mkeka ampishe asiye na mkeka, na wenye watoto wa kulialia wakae karibu na mlango. Leo ni hadithi ya nyota. Na kwa kuwa ni hadithi ya nyota, inueni nyuso muitazame ile pale, ile nyekundu, juu ya paa la Bi Mwanasha. Mnaona inavyopepesa? Hiyo ndiyo nyota ya mabaharia wakubwa. Msimulizi wenu ameifuata hiyo katika bahari ambazo hata samaki wake hawajui wako wapi. Sema, Bi Mwanasha?

“Ile ni taa ya mnara wa simu.”

Tangu lini?

“Tangu mwaka jana.”

Chekeni, chekeni mmalize. Mtu amezunguka dunia, amekula chakula cha kila bandari na kuendesha tumbo katika kila bandari, kisha anarudi nyumbani kuwafundisha watu mnara. Mkishafuta machozi tuendelee, maana huyu tunayemwendea aliboronga kuliko hivyo, na yeye alikuwa rubani wa kweli.

Hapo zamani za kale, mbali huko ambako jua likichomoza kwetu kwao linazama, palikuwa na kisiwa kikiitwa Motufara. Kisiwa kidogo. Kidogo hata mtu akipiga chafya upande huu, upande wa pili wanamwombea afya. Na hapo Motufara aliishi Teuira, rubani wa kisiwa.

Rubani wa huko hana dira, hana ramani. Ana nyota, ana mawimbi, ana ndege, na ana macho mekundu. Kwa nini mekundu? Kwa sababu rubani akiwa baharini halali. Wengine hulala, yeye halali. Wengine hukoroma, yeye halali. Wengine huota wamefika nyumbani wanakula, yeye anameza mate na halali. Ndiyo kazi yenyewe. Na Teuira alijisifu kwa kutolala kuliko alivyojisifu kwa jambo lingine lolote, na mambo ya kujisifia hakuyapunguza.

Basi kimbunga kikapita Motufara kikang'oa mishelisheli yote. Shelisheli kwa watu wale ndiyo ugali, ndiyo wali, ndiyo kitafunio cha asubuhi. Wakabaki na samaki. Samaki asubuhi, samaki mchana, samaki usiku, mpaka samaki mwenyewe akivuliwa anawaangalia kwa huruma. Wazee wakamtuma Teuira aende kisiwa cha Anahoa, upande wa machweo, akalete miche. Akaenda, akafika, akapewa miche mizuri, mizizi imefungwa kwa makumbi ya nazi. Miche hiyo ikifika hai, Motufara itakula. Ikikauka njiani, Motufara kwisha.

Sasa mtazameni wakirudi. Chombo chao ni mitumbwi miwili mirefu iliyofungwa pamoja, katikati jukwaa, juu tanga la mkeka. Mbele kabisa, omoni, ameketi Teuira. Kwenye kasia la usukani amesimama binamu yake Pouira, mabega kama mlango wa ghala. Wapo na wapiga makasia, wote watoto wa baba wadogo na mama wakubwa. Nyuma, nyuma ya pazia la mkeka, yuko Vaihere, dada yake Teuira, anayeilea miche, kwa sababu mikono yake hata ukimpa mpini wa jembe utachipua. Na pamoja naye yuko nguruwe, jina lake Tumu. Msitoe macho hivyo, ni nguruwe wao. Walimchukua kwa sababu pua yake hunusa nchi kavu kabla jicho la mtu halijaiona.

Pazia la nini? Ah, hapo ndipo penyewe. Kwao, kaka na dada wakishakuwa watu wazima hawasemezani. Si ugomvi, ni heshima. Nyinyi wenye wakwe mnaelewa. Hatazamwi usoni, haitwi, haamkiwi, hatumwi. Na kwao mtoto wa mjomba ni kaka, mtoto wa shangazi ni kaka, mtoto wa baba mdogo ndiyo kabisa. Kwa hiyo ndani ya chombo kile hakuna mwanamume ambaye Vaihere angeweza kumwambia hata “sogea”, isipokuwa nguruwe.

Na nyota je? Nyota zao zina mlango. Mahali pamoja kwenye upeo wa macho hutoka nyota moja, ikishapanda hutoka nyingine hapo hapo, kisha nyingine. Mlango wa kuelekea Motufara ulikuwa na nyota walizoziita Mwenye Nyumba, Mke Mkubwa na Mke Mdogo. Mwenye Nyumba akitoka, unamfuata. Akishapanda sana unamwacha, maana amekwisha kupinda upande wa kushoto, hakuonyeshi mlango tena. Unamshika Mke Mkubwa. Naye akipanda, unamshika Mke Mdogo. Marehemu baba yao alikuwa rubani, naye aliwafundisha wote wawili, kaka kwa siku zake na dada kwa siku zake.

Wakatweka tanga. Mwenye Nyumba akatoka mlangoni. Teuira akamwonyesha Pouira, akamwambia amfuate huyo huyo mpaka atakapopewa mwingine. Pouira akamfuata. Upepo mwanana, bahari imelainika, chombo kinabembea. Kinabembea. Kinabembea.

Teuira akalala.

Alilala ameketi, mgongo umenyooka, kidevu juu, kama mtu anayeitafakari dunia. Mwenye Nyumba akapanda, akapinda kushoto, Pouira naye akapinda naye, maana rubani hajasema neno, na kwao mshika usukani hachagui nyota. Mke Mkubwa akatoka, hakuna aliyemkaribisha. Mke Mdogo akatoka, hivyo hivyo.

Nyuma ya mkeka Vaihere aliona miche inafanya kitu kipya. Jioni yote mawimbi marefu ya kusini yalikuwa yakipiga ubavu wa kulia, na miche ikiyumba kulia na kushoto. Sasa yanasukuma kutoka nyuma, na miche inainama mbele na kurudi, kama watu wanaosalimia. Akajua chombo kimegeuka. Akamwinamia nguruwe, lakini sauti aliipeleka mbali kuliko nguruwe.

“Tumu, bwana wangu, miche inasalimia nani huko mbele?”

Teuira akashtuka. Akamwona Mwenye Nyumba juu kabisa mbele ya omo, na mashariki kumeanza kuwa kweupe. Moyo wake ukaruka kama changu kwenye kikapu. Amelala kiasi gani hajui. Wamepotoka kiasi gani hajui. Akakohoa, akajibu bila kugeuka:

“Tumu, mwambie huyo anayekulisha kwamba miche haijasomea nyota.”

Kukapambazuka. Kundi la membe weupe likatokea upande wa kulia na kupita juu ya tanga. Teuira akafurahi mno. Membe hulala nchi kavu, kila mtu anajua. Akaamuru wafuatwe. Nyuma ya mkeka sauti ikamuuliza nguruwe: yeye akitoka kwake asubuhi kwenda kutafuta chakula, kwake kunabaki mbele au nyuma? Pouira akasikia, akajikuna kichwa. Akamuuliza binamu yake kwa adabu kama ndege wale wanakwenda nyumbani au ndiyo kwanza wanatoka. Teuira akasema wanazunguka. Na kabla jioni haijafika kuwaonyesha ndege wanarudi wapi, mawingu yakafunga, hakuna aliyeona bawa.

Kesho yake jua likawaka kwa hasira. Maji kwenye vibuyu yakapungua. Majani ya miche yakaanza kukunja ncha.

Usiku, wenzake wakiwa wamejilaza na Pouira akisinzia kwenye usukani, Teuira akatambaa mpaka kwenye pazia. Nguruwe alikuwa ametoa pua nje. Teuira akaikaribia pua ile, akanong'ona:

“Tumu, ndugu yangu. Mimi nimepotea.”

Maji yakapiga ubao. Kisha sauti, taratibu:

“Tumu, mwambie aliyepotea kwamba mawimbi ya kusini hayajapotea. Yametusukuma mgongoni, sasa tuyaendee usoni. Ile nyota nyeupe kuliko zote hupita utosini mwa Motufara. Ikipita juu ya mlingoti wetu barabara, hapo ndipo atafute mlango.”

Mnaona ilivyokuwa rahisi? Alibakiza kuinuka tu aseme: jamani, nililala, dada yangu ameona njia. Mngesema hivyo nyinyi? Msijibu haraka. Teuira aliinuka, akawaamsha wote, akawaambia Tumu amenusa nchi kavu, iko kusini.

Wakamtazama nguruwe kwa macho mengine.

Kuanzia hapo chombo kikawa na adabu mpya. Omo ikianza kupotoka, Vaihere anamfinya nguruwe ubavu. Akimfinya kulia, nguruwe analia na kugeuza pua kulia, Pouira anageuza kulia. Akimfinya kushoto, nguruwe analia na kugeuza pua kushoto, Pouira anageuza kushoto. Nguruwe akilia kwa mambo yake mwenyewe, chombo kizima kinazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa, mpaka afinywe tena. Wakampepea kwa jani la mnazi. Wakamtengea kivuli. Pouira, mtu mzima na ndevu zake, akaanza kumwita Mheshimiwa. Teuira ameketi omoni, mgongo umenyooka, hakuna anayemuuliza kitu.

Lakini jua halikuwa na habari na heshima za nguruwe. Ikafika saa kikabaki kibuyu kimoja cha mwisho, kile cha miche. Na desturi yao ilikuwa wazi: maji yakibaki ya mwisho, anapewa rubani, kwa sababu rubani akifa wote wamekufa. Pouira akaenda nyuma, akainua pembe ya pazia, uso ameuelekeza pembeni kwa heshima, akakishika kibuyu. Akatangaza kwamba hapa hakuna ubishi, rubani wa sasa ni Tumu, na Tumu atakunywa.

Vaihere hakuweza kumwambia “acha”. Pouira ni kaka. Akakishika kibuyu upande wa pili. Huyu akavuta, yule akavuta, hakuna neno, hakuna anayemtazama mwenzake. Katikati yao miche imelegea kama nguo zilizoloweshwa. Na Vaihere hakuwa na nguvu za mabega ya ghala. Kibuyu kikaanza kwenda.

Teuira akaangalia. Akinyamaza, atafika Motufara na jina lake, na miche mikavu. Akisema, huenda miche ikafika, jina litabaki baharini. Akameza mate. Hakukuwa na mate.

“Pouira, acha kibuyu. Nguruwe huyo hajui nyota hata moja. Anafinywa.”

Wapiga makasia wakaacha makasia.

“Anafinywa na nani?” akauliza Pouira.

Teuira hakuweza kumtaja dada yake mbele za watu. Akanyoosha kidole gumba cha mguu kuelekea pazia. Wanaume wote wakainamisha macho.

“Na wewe ulikuwa wapi?”

“Nililala.”

“Lini?”

“Kabla hujaanza kumwita Mheshimiwa.”

Pouira akakiachia kibuyu taratibu, kama mtu anayeweka yai chini. Maji yakaingia kwenye mizizi, tone kwa tone, mpaka la mwisho. Nguruwe akalia kwa kunyimwa, na mkono wa Pouira, aliyekwisha kurudi kwenye kasia lake, ukageuza usukani kwa mazoea. Wakamzomea wote kwa pamoja.

Usiku ule walisafiri na midomo mikavu wakiyaelekea mawimbi. Nyota nyeupe kuliko zote ikapanda, ikapanda, ikapita juu ya ncha ya mlingoti barabara, hata Pouira alipolala chali kuhakikisha aliona kama inakaa juu yake. Sauti nyuma ya mkeka ikamwambia Tumu kwamba sasa ni mlango. Wakageuza omo mashariki. Mawimbi yakarudi ubavu wa kulia. Usiku uliofuata Mwenye Nyumba akatoka, wakamfuata. Akapanda, wakamwacha, wakamshika Mke Mkubwa. Akapanda, wakamwacha, wakamshika Mke Mdogo. Na Teuira hakufumba jicho hata la kufuta chumvi.

Asubuhi wakaona wingu lililosimama peke yake, tumbo lake la kijani. Wingu la namna hiyo linakaa juu ya maji mafupi yaliyozunguka kisiwa, limechukua rangi yake. Chini ya wingu, minazi. Chini ya minazi, watu wanakimbia. Nguruwe akaruka majini kabla chombo hakijagusa mchanga, na inasemekana tangu siku hiyo hakuwahi kukaribia kitu chochote chenye tanga. Miche ikashushwa mikononi mwa watu, imenyong'onyea lakini hai, na kabla ya jua kuzama kila mmoja ulikuwa na shimo lake.

Na hapa ngano inakunja tanga. Aliyeielewa aichukue akapande kwake. Ambaye hakuielewa akalale, si yeye rubani. Limebaki neno moja tu, ambalo lilisemwa kesho yake pale ufukweni, wazee walipokaa.

Teuira alisimulia yote mwenyewe, hata la kidole gumba cha mguu, watu wakacheka mpaka wakashikana. Kisha Bibi Fanaura, mkubwa wa kisiwa, akasema miche zaidi inatakiwa, chombo kitarudi Anahoa, na kaka na dada hawatapanda tena pamoja, kwa sababu hakuna nguruwe atakayekubali. Mmoja atakuwa rubani, mwingine atabaki pwani.

Teuira akasimama, akajikung'uta mchanga, akauliza kwa unyenyekevu mkubwa ni yupi atakayebaki.

“Anayelala,” akasema Bibi Fanaura.