Kisogo cha Bi Mize

Mwana hutazama kisogo cha nina. Wasichana waliokuwa wakikuna nazi za arusi walimsikia Bi Kazija akilitamka neno hilo, wakataka kujua limetoka wapi. "Nina ni mama," akawaambia. "Lakini kisogo kina mwenyewe. Kuneni, huku mnasikiliza." Na methali hii, kwa masimulizi yake, ilizaliwa hivi.

Kusini ya Unguja alikuwapo msusi wa mikeka, Bi Mize, mke wa Makame. Alijisifu kwamba nyumba yake haina kelele, na kweli haikuwa nazo. Alikuwa amemnunia mumewe tangu binti yao Tatu akiwa mdogo, na sababu aliijua mwenyewe. Alisuka mkeka amempa mume kisogo, na Tatu akakaa katikati akichambua ukindu na kupeleka maneno.

"Mwambie baba yako chakula tayari."

"Mwambie mama yako nimesikia."

Bi Mize aliona amelea vizuri. Mwanawe hakuwahi kusikia tusi.

Tatu akaolewa na Khatibu, kijana mpole. Fungate ilipokwisha, Khatibu akausifu mchuzi wa mama yake mbele ya mchuzi wa mkewe. Basi! Tatu akageuka, akampa kisogo. Mtoto wa kutumwa hawakuwa naye bado, kwa hiyo akamtuma paka. "Paka, mwambie huyo wali umeiva." Siku za mwanzo Khatibu alicheka. Mwezi wa tatu akaenda kwa wakwe.

"Shikamoo, mama. Mimi nilioa mtu, sikuoa kisogo. Kisa ni mchuzi tu. Mwezi huu ukiisha vivi hivi, nitakurudishieni mwanenu."

Bi Mize alishikwa na aibu kubwa. Talaka kwa ajili ya mchuzi! Akajitanda kanga, akafuatana na mkwewe mpaka kwake. Tatu alimwamkia mama, lakini mumewe akampa kisogo.

"Tatu, nani kakufunza haya? Mgeukie mumeo, umwambie kinachokuuma."

Tatu akamtazama mama yake kwa mshangao wa kweli. "Nimgeukie vipi, mama? Wewe sijakuona ukimgeukia baba hata siku moja. Nimekua nakitazama kisogo chako."

Bi Mize akamshika binti mkono, akamwambia Khatibu awafuate, wakaenda watatu mpaka kwa Makame, aliyekuwa barazani akisokota kamba. Bi Mize akasimama mbele yake, uso kwa uso.

"Makame, mwaka ule ulipoleta kanga, ulimpa dada yako achague kwanza. Mimi nikapata iliyobaki. Iliniuma sana."

Makame akaiweka kamba chini.

"Kumbe ni hilo? Miaka kumi na sita, Mize, nilidhani umenichoka."

Bi Mize akalia, wala hakujificha. Tatu alikuwa amesimama pale pale, na kwa mara ya kwanza akamwona mama yake akimtazama baba. Aliwaangalia kwa zamu, kisha polepole akageuka.

"Khatibu," alisema, "ule mchuzi niliupika kwa moyo wangu wote."

Wasichana walikuwa wameacha kukuna. Bi Kazija akasema, "Na nyinyi mtazaa. Mwana hutazama kisogo cha nina."