Mgongo wa Sikudhani

Kitendawili! Nimezaliwa naye, nalala juu yake kila siku, na sura yake sijawahi kuiona.

Si kitanda, wewe Mwantumu, kitanda hukuzaliwa nacho. Wala si kivuli. Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Kilwa? Haya, nimekwenda Kilwa, nimekula samaki wa huko nikashiba, nimerudi. Jibu lake ni mgongo.

Nimewategea mgongo kwa sababu nimewasikia mkinong'ona. Mama yenu hakuwanunulia nguo za sikukuu, akawaambia, "Jikune ujipatapo," nanyi mmenuna mnaulizana kujikuna na nguo vinahusiana nini. Kaeni basi. Methali hii ilianza hivi.

Katika kijiji kimoja cha mpunga, kule bonde la Rufiji, aliishi mjane aitwaye Sikudhani na watoto wake wadogo. Marehemu mumewe alikuwa na dada, Zaituni, mwanamke mwenye sauti na mwenye watu. Zaituni alikuwa akimwoza binti yake, Hidaya. Na kwa desturi ya kijiji kile, siku ya harusi anayemshika mkono bibi harusi na kumtoa chumbani ni mkazamjomba wake, yaani mke wa mjomba. Kwa hiyo kazi hiyo ilikuwa ya Sikudhani. Naye aliitamani kweli, maana yeye ndiye aliyemlea Hidaya tangu anatambaa.

Sasa mwaka ule mto ulifurika, mpunga mwingi ukaozea majini. Kilichobaki wanawake walikuwa wakikipura pamoja uwanjani. Ninyi hamjapura mpunga, wajukuu zangu. Vumbi lake linawasha, linaingia shingoni na kushuka mgongoni, hata utamani kuivua ngozi uiweke kando. Ndiyo maana wapuraji walipopumzika walikaa mstari mmoja, kila mtu na gunzi la mahindi, akimkuna mwenzake aliyeko mbele. Hapo ndipo umbea wote wa kijiji ulipopatikana.

Siku moja wamekaa hivyo, Zaituni akasema, "Wifi, ukoo mzima tunavaa doti ya kanga za zambarau. Mchuuzi yuko kivukoni, anatoa doti kwa kikapu cha mpunga."

Sikudhani akautazama mpunga wake. "Huu ni wa kula, na ule ni mbegu. Wa kanga siuoni, wifi."

"Toa kwenye mbegu! Mbegu utaazima."

"Kwa nani? Nyote hapa mmeshampelekea mchuuzi za kwenu. Mvua ikinyesha, nitapanda kanga?"

Wengine waliangua kicheko. Zaituni hakucheka.

"Haya, kuwa jeuri. Asiyetaka sare yetu asitake na magunzi yetu. Tuone, huo mgongo wako nani ataukuna?"

Sikudhani akainuka, akarudi kupura mpunga wake.

Tangu hapo akikaa kwenye mstari, mstari unahama. Watoto aliwaacha nyumbani kwa sababu vumbi liliwakohoza, basi hakuwa na wa kumsaidia. Alijikuna mabega, akajikuna kiuno, lakini pale katikati palimwaka moto. Akaenda kujisugua kwenye nguzo ya dungu, kile kibanda cha kulindia ndege.

"Jamani, ng'ombe wa nani huyu?" akauliza mmoja.

"Wa marehemu kaka yangu," akasema Zaituni, na uwanja mzima ukacheka.

Iliuma, wajukuu zangu, msidhani haikuuma. Jioni alikitazama kile kikapu cha mbegu akatamani kukibeba hadi kivukoni, yaishe. Akawatazama wanawe wanavyolamba mwiko. Akakipandisha kikapu darini, akaondoa ngazi.

Asubuhi ya harusi Zaituni alifika kwake, na nyuma yake mchuuzi na doti ya mwisho begani.

"Hidaya analia, anamtaka mkazamjomba wake. Lete hicho kikapu, uvae, twende. Bila sare mlangoni hupiti."

"Nakuja, wifi. Tangulia."

"Na kikapu?"

"Kikapu hakijaalikwa."

Zaituni akaondoka anafyonza. Sikudhani akaoga, akavaa kanga yake kuukuu, imefuliwa hata maua yake yamesahaulika rangi, akaifunga vizuri, akajitanda. Kisha akatembea katikati ya njia, si pembeni.

Mlango wa chumba cha bibi harusi ulikuwa umejaa zambarau. Wanawake wakabanana bega kwa bega. Ndani sauti ya Hidaya ikasikika, "Mkazamjomba, ni wewe? Mimi sitoki na mtu mwingine!"

Watu wote wakageuka.

Zaituni akashika kiuno. "Umekuja kutuaibisha na hicho kitambaa cha kudekia? Bado hujanijibu, Sikudhani. Leo nijibu mbele za watu. Umetutupa sote kwa ajili ya kikapu kimoja. Mgongo wako nani ataukuna?"

Sikudhani hakuinamisha macho. Aliinua mkono wake, akaupitisha juu ya bega, akajikuna taratibu mpaka vidole vilipokomea, watu wote wakitazama.

"Mimi," akasema. "Mkono wangu unafika hapa, basi najikuna hapa. Kule usikofika kunawasha, wifi, sikatai. Kuwashe! Sitauvunja mkono wangu ili mgongo ustarehe, wala sitauza chakula cha wanangu ili nifanane na ninyi siku moja. Sasa nipisheni, mtoto ananingoja."

Akasogea hatua moja, nao wakajikuta wanampisha. Mkono ukiwa tayari kwenye pazia, akamgeukia Zaituni.

"Nawe uliyeuliza, lichukue jibu uende nalo nyumbani. Jikune ujipatapo."