Kikombe cha Bi Sikudhani

Muuza mbio hanunui ajali. Ndivyo alivyokwambia wewe, Shomvi, yule mama wa chapati pale getini, ulipojisifu kwamba Jumamosi utanyanyua tairi la mbele la pikipiki yako mbele ya msafara wa harusi, kwa kuwa MC kakwambia usiogope. Ukacheka. Na nyinyi wengine mkacheka naye, halafu mnanijia mimi: "Mzee Mwinshehe, maneno haya yametoka wapi?"

Haya, wekeni matarumbeta juu ya turubai yasiingie mchanga, mkae. Siku maneno hayo yalipozaliwa nilikuwapo, napuliza mpaka mashavu yananiuma. Ila nawaonya mapema, kila nikiyasimulia hasira hunipanda. Mkiniona nafoka, siwafokei nyinyi. Bado.

Methali hii ilianzia hapa hapa Mtoni, kwa mwanamke aliyeitwa Bi Sikudhani Mloka. Alikuwa mjane, na kazi yake ilikuwa kuwabeba maharusi. Bendi yetu ilipanda lori mbele, yeye akafuata nyuma na bibi harusi wake. Alikuwa na gari dogo la zamani, safi, linang'aa. Lakini maharusi wa mjini mnawajua. Wakaanza kutaka gari la wazi, bibi harusi asimame apunge mkono, shela lipepee. Wateja wakampungukia Bi Sikudhani, mmoja mmoja.

Marehemu mumewe alikuwa amemwachia kiwanja kule Chamazi. Hapo ndipo alipotaka kuwajengea wanawe nyumba. Akakaa akawaza, akakiuza. Akaenda kwenye duka moja kubwa la magari mjini akanunua gari la mbio, jekundu, jipya, paa linafunguka lenyewe kwa kubonyeza kitufe. Akaniambia, "Kaka Mwinshehe, hii ndiyo nyumba ya wanangu sasa, ina magurudumu. Likifa hili, na mimi nimekwisha."

Mle dukani palikuwa na picha ya gari hilo hilo, kubwa, imejaa ukuta mzima, na chini yake maandishi: LIMEZALIWA UWANJANI. Yashikeni maneno hayo, tutayarudia.

Sasa, gari la harusi linakwendaje? Mwendo wa jongoo! Watu wacheze, wapigwe picha. Bi Sikudhani hakuwa na haja ya mbio hata kidogo. Mbio zilimfuata kwa simu. Kijana aliyemuuzia gari, jina lake Ezra, ulimi umepakwa asali, akampigia: "Mama, tumeandaa siku ya uwanja wa mbio kwa wateja wetu. Lete gari lako."

"Nikafanye nini uwanjani, mwanangu? Mimi nabeba maharusi."

"Ndiyo maana nakupigia! Injini ya namna hii ukiitembeza polepole kila siku inaziba, inazeeka kabla ya wakati. Lazima ipumue. Njoo ulijue gari lako."

Mnaona? Hakumwambia njoo ucheze. Alimwambia njoo ulitunze gari lako. Na yule mama hakuwa mjinga, msije mkamdharau. Aliuliza, "Na bima yangu je? Na ile waranti, dhamana mliyonipa dukani?"

"Mama wee, hayo si mashindano. Hakuna wa kwanza wala wa mwisho. Ni kujifurahisha tu."

Maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Akaenda.

Uwanja wenyewe ulikuwa kiwanja cha ndege cha zamani, ndani ya shamba la mkonge upande wa Morogoro. Wamefunga mahema, wamepanga koni njiani, muziki unalia. Kila mgeni akafika akapewa chai katika kikombe kizuri cha udongo chenye picha ya gari na jina la duka, akaambiwa ni chako, nenda nacho nyumbani. Kisha zamu kwa zamu, kila mmoja peke yake, wakaanza kuzunguka. Zamu ya Bi Sikudhani ilipofika, Ezra mwenyewe aliingia akakaa kando yake. "Kanyaga, mama! Kanyaga! Linataka hili!"

Akakanyaga. Akazunguka, akazunguka tena. Breki zikaanza kunuka kama nywele zinazoungua. Akataka kupunguza, Ezra akamwambia ni kawaida, kanyaga. Giaboksi ikalia kwa ndani mlio wa chuma kusaga chuma, gari likaacha njia, likapita kwenye mkonge na kwenda kukita pua kwenye kichuguu. Wote wawili wakatoka wazima, tumshukuru Mungu. Lakini gari lilikuwa limefumuka pua yote, na giaboksi imekufa.

Basi akaenda kwenye bima. Akakutana na ofisa, Bi Perpetua, mwanamke mkavu asiye na maneno mengi. Akamuuliza, "Mlikuwa mnashindana?"

"Hapana."

"Mlipewa chochote huko?"

Na Bi Sikudhani, mtu mkweli, asiyejua kuficha, akajibu: "Tulipewa kikombe."

Ebo! Mnacheka nini? Yule ofisa ameulizia mashindano, anaambiwa kikombe, mlitaka aandike nini? Siku chache baadaye Bi Sikudhani akapigiwa simu: madai yako yamekataliwa, kwa kuwa ulishiriki mashindano na kutwaa kikombe!

Alikuja kwangu analia na kucheka kwa pamoja. Nikavaa viatu, tukaongozana. Tulipofika, hakusalimia hata. Akakitoa kile kikombe mkobani akakitua mezani, to!

"Kikombe nilichotwaa ndicho hiki! Kina mkono, kina picha, nilinywea chai ya tangawizi! Bingwa gani anapewa kikombe kabla hajaanza kukimbia?"

Bi Perpetua akakigeuza geuza. Akajizuia, akashindwa, akacheka. Halafu akaacha kucheka. "Mama, nisamehe. Kwa hili nilikukosea, na nitalifuta. Lakini sikiliza mkataba wako unavyosema." Akasoma polepole: gari likiendeshwa kwenye uwanja wa mbio, iwe kwa kushindana, kwa kujifunza au kwa kujifurahisha, bima haipo. "Ungetupigia kabla ya kwenda, ningekwambia. Iko bima ya siku ya uwanja, inakatwa peke yake."

"Ezra alisema si mashindano."

"Na ni kweli si mashindano. Ila Ezra si mtu wetu, mama. Hakuwa na ruhusa ya kutusemea."

Sikumchukia yule mwanamke. Aliyenipandisha damu ni huyu wa pili. Tulitoka pale moja kwa moja mpaka dukani, tukamkuta Ezra amesimama chini ya ile picha ya gari, tai imemkaa sawasawa.

"Mama, pole sana," akasema. "Lakini waranti inatengeneza ubovu wa kiwandani. Hii giaboksi imekufa kwa matumizi ya uwanjani. Kompyuta ya gari imerekodi kila kitu, joto, kasi, yote."

"Matumizi ya uwanjani?" Bi Sikudhani akanyoosha kidole juu ya kichwa cha Ezra, kwenye yale maandishi. "Hapo mmeandika nini?"

"Hilo ni tangazo tu, mama."

"Nani aliniita?"

"Tulikualika, hatukukulazimisha."

"Ulikaa kando yangu! Ulikuwa unaniambia kanyaga!"

Na yule kijana, wallahi sitasahau, akatengeneza tai yake akasema: "Mama, mguu ulikuwa wako."

Mguu ulikuwa wako! Hivi kweli! Mtu aliyekuita kwa simu, akakunywesha chai, akakupigia kelele sikioni! Nilitaka kumrukia. Bi Sikudhani akanishika mkono. Hakupaza sauti. Alimtazama tu, akasema taratibu, kama mtu anayejisemea mwenyewe: "Kumbe muuza mbio hanunui ajali."

Jumamosi iliyofuata hatukuwa na harusi, basi tukafanya yetu. Gari tukalipakia juu ya gari la kuvuta, pua yake iliyofumuka tukaifunga riboni na maua. Mlangoni fundi rangi akaandika kwa herufi nyeupe, kubwa: MUUZA MBIO HANUNUI AJALI. Bendi ikatangulia, tukapiga wimbo wa kumsindikiza mwali. Watu wakatoka madukani, akina mama wakapiga vigelegele, hawajui bibi harusi ni nani. Tukasimama mlangoni kwa Ezra.

Bi Sikudhani akapanda juu, kikombe mkononi. "Mwali wenu huyu!" akapiga kelele. "Mlisema amezaliwa uwanjani. Uwanjani ameugua, na wazazi wake wamemkana. Nimemrudisha kwao!"

Barabara nzima ikalipuka. Watu wakayasoma maneno ya mlangoni kwa sauti, wakayarudia, wakaondoka nayo. Jioni makonda walikuwa wanayasema, kesho yake wauza samaki. Ezra alijifungia ndani, hakutoka.

Mnauliza walimlipa? Aka! Waliibandua ile picha ukutani, basi. Gari tukarudi nalo, likauzwa vipande vipande, taa huku, viti kule. Nyumba ya wale watoto haijajengwa mpaka leo, na kile kiwanja kina ghorofa la mtu mwingine. Ndiyo maana nafoka. Kiwanja cha Chamazi kilizaa gari, kiwanja cha ndege kikalila, na aliyelitia mdomoni bado anavaa tai.

Sasa wewe, Shomvi. MC kakwambia nyanyua tairi, usiogope. Ukianguka na mguu ukavunjika, MC atakuja hospitali? Bima ya pikipiki yako inajua michezo hiyo? Umewauliza, au umemuuliza MC? Atakuja kukwambia nini? Atakwambia mguu ulikuwa wako.

Na kile kikombe alichokutilia chai yule mama wa chapati asubuhi, ukaondoka nacho, uliitazama picha yake? Hukuitazama. Una haraka. Ni gari, jekundu, rangi imefifia kwa kuoshwa, na mkono wake umeunganishwa kwa gundi. Ndiye mwenyewe, Bi Sikudhani. Hakukwambia methali ya watu, mwanangu, alikwambia ya kwake.

Nenda kamrudishie kikombe chake, na safari hii usicheke. Muuza mbio hanunui ajali.