Mwenzake Bi Mwanakheri

Hapo zamani, na wala si zamani ya mbali, maana ndege zilikuwepo na simu zilikuwepo, binti mmoja aitwaye Saumu aliondoka Pangani. Alikuwa fundi cherehani, na kwa miaka alikuwa amedunduliza ili aione dunia kwa macho yake. Siku ya safari, mama yake, Bi Mwanakheri, alichukua doti mpya ya kanga akaikata katikati.

"Kipande hiki changu," alisema. "Hicho chako, lakini usirudi nacho, mwanangu. Mwachie atakayekuondolea upweke huko. Huyo ndiye atakuwa mwenzangu wa doti."

Saumu akafika Porto, mji wa Ureno, akapata kitanda katika nyumba ya wageni ya bei poa kuliko zote. Mchana alitembea kwa miguu kuokoa nauli. Aliona madaraja marefu, akageuka kumwambia mtu "Ona!", na pembeni hapana mtu. Jioni ilikuwa kali zaidi. Alipika wali wake jikoni, na kila aliyepita alimwambia, "Karibu." Kwao huwezi kutia tonge kinywani mtu akipita bila kumkaribisha. Watu walitabasamu, wakapita. Akakaribisha tena, wakapita tena. Alikumbuka mkeka wa nyumbani na mikono inavyogongana kwenye sinia.

Jioni moja akapita Ilinca, msafiri kutoka Romania. "Karibu," Saumu akasema, akionyesha sahani. Jamani, Ilinca akavuta kiti, akakaa, akala! Akala mpaka ukoko. Saumu alilala na njaa, tena akicheka. Kulipokucha Ilinca alishaondoka.

Jioni nyingine akapita mzee Joaquim, mpangaji wa ghorofa ya juu. "Karibu." Mzee akasimama, akauliza neno hilo lina maana gani, na watu wa kwao hujibu nini. Akafundishwa kwamba anayepita bila kula hujibu, "Starehe." Tangu hapo ikawa kila jioni, "Karibu!" "Starehe!" Hakukaa hata mara moja. Lakini Saumu akiisikia "starehe" ile, alikuwa Pangani.

Kisha homa ikamwangusha. Dona Graça, mwenye nyumba, ambaye hakuwahi kumjibu hata salamu, alileta kiti akakiweka kando ya kitanda. Akaleta supu. Akakaa akifuma soksi, kimya, mpaka homa ikashuka. Mgonjwa alipopona, kiti kilirudi jikoni na Dona Graça akarudia ukimya wake.

Siku ya kuondoka ikafika. Ilinca naye alikuwa amerudi mjini, akafikia nyumba ileile. Saumu, begi mgongoni, kanga mkononi, akawaeleza agizo la mama yake kwa Kireno cha kubahatisha.

"Ni yangu," alisema Ilinca. "Wote walipita, mimi nikakaa. Bila mimi ungeacha kukaribisha watu."

"Ulikaa mara moja," alisema mzee Joaquim. "Mimi nilimjibu kila jioni. Sikula wali wake, lakini nilimrudisha kwao."

Dona Graça hakudai kitu. Alisimama mlangoni akifuta mikono kwa aproni. "Treni itakuacha," alisema, akageuza uso, machozi yakimlengalenga.

Saumu akaikunjua kanga. Akamwona mawazoni mama yake, saa hiyohiyo, amejifunga kipande chake, ameketi mkekani peke yake, mlango wazi, akimkaribisha kila apitaye. Alitamani aikate kanga vipande vitatu, lakini kanga iliyokatwakatwa haimfungi mtu kiunoni.

Basi nyinyi mnaonisikiliza, msiniachie mzigo huu peke yangu. Yuko aliyekula wali, yuko aliyesema starehe, yuko aliyekaa kimya. Je, nani alistahili kuwa mwenzake Bi Mwanakheri?