Mtoto wa Kumi na Tisa

— Mpo?
— Tupo!
— Wote?
— Wote!
— Mmehesabiana?
— Bado!
— Basi hesabianeni kwanza, maana ngano yangu haianzi mtoto akiwa anazurura.

Zamani, wanyama walipokuwa wakipeleka watoto shule, kulikuwa na shule yenye darasa moja, uwanja mmoja na sufuria moja ya uji. Watoto walikuwa kumi na nane. Mwalimu mkuu alikuwa Kobe, na mwendo wake mnaujua wenyewe: kutoka ofisini mpaka uwanjani alimaliza mapumziko mazima.

Kengele ya mapumziko ikilia, ngo! ngo! ngo!, watoto walitoka mbio. Na nje ya ua wa michongoma, juu ya kichuguu, Bi Nguchiro alisimama kwa miguu miwili, kadogo, shingo kaitoa, akaanza kuhesabu.

"Moja, mbili, tatu..." mpaka "kumi na saba, kumi na nane." Kisha akaongeza: "Na Sikudhani."

Hakuna aliyemtuma. Hapo nyuma yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wa zamu, filimbi shingoni, vumbi mpaka kwenye masharubu. Na shule ile ilikuwa na desturi: mwalimu wa zamu huonja uji kabla watoto hawajanywa, usije ukawaunguza. Siku moja Bi Nguchiro aliinamia sufuria akapuliza, fu! fu! Kijiko kimoja tu. Alipoinua kichwa, Mwewe alikuwa juu kabisa angani, na kati ya watoto waliokuwa wakicheza kombolela, ule mchezo wa kujificha, yule wa kwake, Sikudhani, hakuwapo.

Akaivua filimbi, akaitundika ofisini, akasema harudi tena. Lakini miguu haikukubali. Kengele ikilia tu, miguu ilimpeleka kwenye kichuguu. Alitamani, jamani, alitamani! Alitamani zile kelele. Alitamani kuvutwa mkia na kuulizwa, "Mwalimu, kati yetu nani kashinda?" Na mtoto wake ndiye aliyemtamani kuliko vyote.

Wazazi wakakaa kikao. Wakasema, safari hii tunataka mlinzi mkubwa, mwenye meno. Fisi akajitolea. Akajitolea bila mshahara! Hapo mwenye akili angeuliza swali, lakini wazazi walipiga makofi, wakamvika filimbi.

Siku ya kwanza, Fisi akaiendea sufuria. "Mwalimu wa zamu anaonja," akasema. Akaonja, gubu! gubu! gubu!, sufuria ikabaki inang'aa.

Siku ya pili, akaviendea viazi vitamu ambavyo watoto walifungiwa na mama zao. "Mwalimu wa zamu anaonja." Akaonja, gubu! gubu! gubu!, hata maganda hayakuonekana.

Siku ya tatu unga ulikwisha, viazi vilikwisha. Fisi akatazama huku, akatazama kule, akamwona Chiku, mtoto wa Kindi, mdogo kuliko wote, aliyeanza shule juzi tu.

"Njoo, mwanangu," akasema. "Mwalimu wa zamu anaonja. Nitaonja sikio tu."

Chiku akaanza kumsogelea. Nyumbani aliambiwa amtii mwalimu.

Juu ya kichuguu, moyo wa Bi Nguchiro ukaruka, pa! Kobe yuko ofisini. Wazazi wako mashambani. Na meno yake mwenyewe hayatoshi kutoboa embe. Akapenya chini ya ua, akapiga goti.

"Shikamoo, mwalimu wa zamu!"

Fisi hakuwahi kuamkiwa hivyo maishani mwake. Akavimba. "Marahaba. Wewe si uliacha kazi?"

"Niliacha kazi, sikuacha kuhesabu. Umewahesabu watoto wako?"

"Kumi na nane."

"Ni kumi na tisa."

"Kumi na tisa?" Mate yakamdondoka, to! to! "Huyo mwingine yuko wapi?"

"Kajificha, wanacheza kombolela. Na ndiye mnono kuliko wote. Ukianza na huyu kijiti hapa, atapiga kelele, na yule mnono atasikia akimbie."

"Anaitwa nani?"

Bi Nguchiro akatazama angani. Mtoto wake hakuwa mnono. Alikuwa mwembamba, mbavu zikihesabika, na alicheka hata akianguka. Tangu siku ile jina lake alilitaja peke yake kichuguuni, hakumtajia mtu.

"Sikudhani," akasema. "Anaitwa Sikudhani."

"Kajificha wapi?"

"Kwenye shimo la Muhanga, nyuma ya choo."

Muhanga ni fundi wa mashimo. Shimo lake mlangoni pana, ndani jembamba. Fisi akafika akiwa anahema. Bi Nguchiro akamgusa bega. "Filimbi hiyo italia ukiinama, umshtue mtoto. Nipe nikushikie."

"Nishikie," akasema Fisi, akaingiza kichwa. "Sikudhani! Ee Sikudhani!"

Shimo likaitika kutoka chini, "...dhaniii."

"Kaitika!" akasema Fisi.

Bi Nguchiro alijua ni mwangwi. Alijua vizuri kabisa, mwangwi alikuwa akiwafundisha watoto yeye mwenyewe. Lakini masikio yake yalisimama, naye akajikuta kainama kusikiliza, na kwa kitambo kidogo alimsahau Fisi, akamsahau Chiku.

Fisi akaingiza mabega. Akaingiza kifua. Akaingiza tumbo, lile lenye uji wa siku ya kwanza na viazi vya siku ya pili, na tumbo likagoma. Mbele haliendi, nyuma halirudi.

"Mama! Nimenasa!"

"Endelea kuonja, mwalimu," akasema Bi Nguchiro. Akavaa filimbi. Priiii!

Watoto wakaja mbio, wakapanga mstari, kila mmoja kashika mkono wa mwenzake kama alivyowazoeza. Akawagusa vichwa mmoja mmoja. Moja, mbili, tatu, mpaka kumi na saba. Kumi na nane alikuwa Chiku, na masikio yake yote mawili.

Hapo angenyamaza. Lakini mdomo ulikwisha zoea.

"Na Sikudhani?"

Watoto wakubwa wakatazama chini. Chiku ndiye ambaye hakujua lolote. Akaangaza uwanja mzima, akasema, "Bado kajificha, mwalimu."

Bi Nguchiro akamtazama sana. "Kweli," akasema. "Hajui kwamba mchezo umekwisha."

Fisi alikaa shimoni siku nne mpaka tumbo likapungua. Muhanga aliporudi safari akakuta mlango wake una mkia, akaupiga mateke, pu! pu!, na ndiyo maana mpaka leo Fisi nyuma kashuka.

Bi Nguchiro akarudi zamu. Ila uji haonji tena. Huonja Kobe, na Kobe akifika umekwisha poa wenyewe. Yeye husimama katikati ya uwanja, mgongo kwa sufuria, macho kwa watoto na angani. Na uji ukigawiwa, vikombe huwa kumi na tisa. Kile cha mwisho huwekwa pembeni, kikafunikwa sahani. Jioni Chiku hukinywa, kisha huulizwa, "Ameonekana?" naye hujibu, "Bado, mwalimu."

Fundisho la ngano hii, watoto, ni kwamba kusema uongo ni vibaya sana. La pili, jitafutieni mlinzi mwenye meno makubwa na asiyedai mshahara. Na la tatu, mtu mzima asijiingize kwenye michezo ya watoto. Akae nje ya ua, huko huko kwenye kichuguu chake.

Ngano yangu nimeitua hapa, mwenye mabega aibebe.

— Mpo?
— Tupo!
— Wote?
— Bado mmoja!