Mama Kanga na Kipande cha Pili

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na majiko na majirani kama sisi, siku moja penye kichuguu walikuwepo hawa: Mama Kanga, vifaranga wake saba, wa siku tatu tu, jirani yake Digidigi, na Chui, ambaye hakualikwa.

Mama Kanga hakujua kutulia. Alikimbia huku, akakimbia kule, kichwa chake cha buluu kisicho na manyoya kikichungulia kila jani. Paru! Paru! Akachakura mchwa. Akaanza kuoga vumbi, akakatisha, akainuka kutazama watoto.

"Shoga, kaa hata kidogo," Digidigi akamwambia. Vifaranga wawili walikuwa wamejibanza kivulini chini ya tumbo lake, naye alikuwa amesimama vile vile tangu asubuhi, miguu inamtetemeka, asije akawakanyaga.

"Nitakaaje, shoga? Hawa bado hawawezi kuruka! Jani likianguka tu, moyo unanilipuka."

Pu! Halikuwa jani. Kucha za Chui zilikuwa juu ya mkia wake.

"Leo nampelekea mke wangu kanga!" Chui akanguruma. "Na hawa wadogo nitawatafuna njiani."

Mama Kanga alitetemeka mwili mzima, madoa yake meupe yakachezacheza. Lakini ulimi haukutetemeka.

"Kanga? Mmoja? Bwana Chui, pole sana."

"Pole ya nini?"

"Kanga ni doti, bwana. Vipande viwili vinavyofanana. Mwanamume akirudi nyumbani na kipande kimoja, mkewe anamuuliza nini?"

Chui akapepesa macho. "Anamuuliza nini?"

"'Na cha pili umempa nani?'"

"Lo!" Chui akashtuka. Mkewe alikuwa na wivu, na akinuna hununa wiki nzima. Kusema kweli, Chui hakujua doti ni kitu gani, ila aliona aibu kuonekana mshamba. "Najua, najua! Nani asiyejua doti? Nilikuwa nakujaribu tu. Haya, hicho cha pili kiko wapi?"

"Dada yangu yuko bondeni. Nimwite?"

"Mwite! Upesi!"

"Kek-kek-kek-kekeee!"

Chui akadhani ndilo jina la dada, akakodoa macho bondeni. Lakini vifaranga waliijua sauti ile: hatari! Wadogo jificheni, wakubwa njooni! Nyuma ya mgongo wa Chui, wakamfuata Digidigi kwa mstari mmoja, kimya, hadi ndani ya kichaka cha miiba.

Kukuru! Kakara! Kutoka bondeni wakaja kanga arobaini, wanakimbia, wanazunguka, wanapiga kelele.

"Wengi hivi! Dada yako yupi?"

"Tazama madoa, bwana. Yafanane na yangu. Ukichanganya, Bi Chui ataona ukiwa bado mlangoni."

"Huyu! Hapana, huyu! Tulieni, nyie!"

"Kutulia ndiyo nini?" wakamcheka, wakazidi kuzunguka.

Chui akageuza kichwa huku na huku mpaka kizunguzungu kikamshika. "Nimempata! Yule pale!" akasema, akainua mguu ule ule uliobana mkia, kumwonyesha.

Frrrr! Mama Kanga huyoo, juu ya mgunga. Frrrr! Kanga arobaini nao juu.

"Ala! Shuka!"

"Shuka ni nguo nyingine hiyo, bwana!"

Chui akageukia vifaranga. Hola! Hakuna hata mmoja. Akanusa, akanusa, akaingiza pua kichakani. Chwi! Miiba. "Uwii! Uwii!" Akaondoka mbio, machozi yanamtoka.

Basi wanangu, anayeona aibu kusema "sijui" hudanganywa hata na yule aliyemshika mkononi.

Digidigi aliumwa miguu siku mbili, na Mama Kanga alimletea majani mabichi asubuhi na jioni. Baada ya wiki tatu vifaranga wote saba walikuwa wamejua kuruka, wakaanza kulala juu ya mgunga pamoja na mama yao.