Kalamu ya Watu Mia

Hapo zamani, barua zilipokuwa zikisafiri kwa miguu ya watu, palikuwa na mwandishi mmoja katika mji wa Shungi, jina lake Shekuwe. Alikuwa mwandishi wa Sultani Mwinyi Dari, akila vizuri na kuvaa vizuri, mpaka siku Sultani alipojifunza kuandika mwenyewe. Tokea hapo Shekuwe hakuwa na kazi, ikawa yeye na mkewe, Mwana Esha, wanaishi kwa mihogo na subira.

Sultani alijifunza ukubwani, na herufi mbili zilimshinda kabisa: R na L. Akitamka, alitamka sawasawa. Akiandika, moja ilikaa kwenye kiti cha mwenzake. Siku moja waziri alimwonyesha kosa mbele ya wageni. Sultani aliona haya, na haya ile ikageuka hasira, basi akapiga mbiu kwamba lililoandikwa kwa mkono wake litatekelezwa herufi kwa herufi, na atakayesema lina kosa atafungwa mwaka mzima.

Mji ukaingia taabuni. Sultani aliwataka watu wa mashamba walete fahari yao siku ya Idi, yaani ngoma zao na ufundi wao, lakini akaandika “fahali”. Wakulima wakaleta mafahali arobaini huku machozi yakiwatoka, na askari wakawafungia mafahali wote uani kwa Sultani. Kisha kulikuwa na mwanamke aitwaye Mwanamkuu, aliyeachwa na mumewe bila kulipwa mahari yake. Sultani alimhukumia haki, ila akaandika, “Apewe mahali kamili.” Askari wakampimia hatua tatu kwa tatu kando ya kisima cha sokoni, wakamwambia kuwa hapo ndipo mahali pake, tena kamili.

Sultani aliyajua hayo yote. Lakini kukiri kosa kulimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Basi siku moja watu waliokaa barazani walimwuliza Shekuwe auonaje mwandiko wa Sultani. Akajibu kwa upole kwamba Sultani hana kosa hata moja, ila herufi zake hazina adabu. Watu wakacheka, na kicheko kile kikafika jumbani kabla Shekuwe hajafika kwake.

Sultani alighadhibika. Hata hivyo Shekuwe hakutamka kuwa maandishi yana kosa, kwa hiyo Sultani hakuwa na njia ya kumfunga. Akaona heri amtake jambo asiloliweza. Akaandika barua, akampa tarishi, na tarishi alipofika mlangoni akamnong’oneza Mwana Esha kwa huruma kuwa Sultani anataka karamu ya watu mia, Ijumaa baada ya sala, ama sivyo wahame mji. Mwana Esha akaketi kizingitini. Ndani mlikuwa na mihogo minne na chumvi.

“Ulimi wako, mume wangu,” akasema, “umetuinjikia chungu tusichoweza kukiepua.”

Shekuwe alijua ni kweli. Katika nyumba ile alizaliwa, na kutoka nyumba ile aliwazika wazee wake kwa macho makavu ya mwanamume anayejikaza. Sasa aliona macho yanamlowa kwa ajili ya mzaha wa barazani. Akaichukua barua ili walau aone mwisho wake umeandikwaje. Akaisoma, akaisoma tena, kisha akaipeleka penye mwanga. Ilisema hivi: “Shekuwe alete jumbani kalamu ya watu mia. Waitumie wote mbele yangu, wala mtu asiondoke mpaka watosheke. Akishindwa, ahame.”

Akamwuliza mkewe kama yale matete ya ua wa nyuma bado yapo. Mwana Esha alidhani mumewe ameingiwa na wazimu, lakini alikwenda akamkatia moja. Shekuwe akalichonga likawa kalamu nzuri, kisha kwa siku tatu akapita nyumba kwa nyumba, akiwaalika wote waliopata kuumizwa na barua za Sultani.

Ijumaa ikafika. Sultani alikuwa ameketi na wakuu wake kumtazama Shekuwe akiumbuka. Wakamwona anaingia na mkeka, kidau cha wino na kalamu moja ya tete, na nyuma yake watu mia.

“Karamu iko wapi?” akauliza Sultani.

“Kalamu hii hapa, Bwana wangu.”

“Mimi nimekuagiza karamu.”

Shekuwe akaomba barua isomwe. Waziri akaisoma, na alipofika kwenye neno lile sauti ikampungua.

“Bwana wangu,” akasema Shekuwe, “asemaye kuwa barua ya Sultani ina kosa hufungwa mwaka mzima. Mimi ni mtu mwoga. Kama ina kosa, sijui nani hapa atalisema.”

Sultani akawatazama wakuu wake, nao wakatazama miguu yao. Basi akaamuru waanze.

Wakaanza. Aliyejua kuandika aliandika dhiki yake, asiyejua alichora alama na kuieleza kwa kinywa. Wakulima wakaja na habari za mafahali. Mmoja akasema sasa mkokoteni anauvuta yeye na shemeji yake kwa zamu. Adhuhuri ikapita, alasiri ikaingia. Njaa ikamshika Sultani, akainuka aende zake, na Shekuwe akamkumbusha kwa heshima kuwa imeandikwa mtu asiondoke. Akaketi tena.

Wa mwisho alikuwa Mwanamkuu. Hakuishika kalamu. Alisema tu kwamba miezi mitano amelala kando ya kisima, mvua yake na jua lake, naye hatatosheka kwa kuandika, atatosheka akiandikiwa.

Sultani akateremka, akaketi mkekani, akaichukua kalamu. Akaandika “maha”, mkono ukasimama. Akainama kwenye sikio la Shekuwe.

“Niambie,” akanong’ona, “hapa inakaa ipi?”

“R, Bwana wangu.”

Akaiandika polepole, “mahari”. Akamkabidhi mwanamke waraka wake, akaamuru mafahali warudi kwa wenyewe, na ile mbiu ya kifungo akaifuta mbele ya watu wote. Halafu akachukua karatasi nyingine, akaandika mwenyewe bila kuuliza mtu, akampa waziri aisome kwa sauti.

Waziri akaitazama. “Bwana wangu,” akasema hatimaye, “umeandika kuwa Shekuwe awe ‘mshauli’ wako. Nadhani hapa pana kosa.”

Watu mia wakamgeukia Sultani.

Sultani akanyoosha shingo. “Wapi?” akauliza. Waziri akaweka kidole penye herufi. Sultani akaitazama kwa muda mrefu, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka kilemba kikamwangukia mapajani, naye akaichovya kalamu winoni kuirekebisha.